Kichanja cha Bei Nafuu cha Kubebea Fimbo za Kuvulia kwenye Pikapu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wavuvi wa fimbo wa mwambao wa Kenya na Tanzania, ambao husafirisha vifaa vyao kwa pikapu hadi Malindi, Watamu, Shimoni, Tanga au Bagamoyo, na vilevile na wale wanaofuata sangara katika Ziwa Victoria. Kichanja kinachoelezwa hapa ni cha mbao na vipande vya bomba la plastiki: boriti mbili za mbao zinazokingama bodi, yaani sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo, moja ikiwa na mabomba ya kupokea vishikio vya fimbo na nyingine ikiwa ya kulazia miili yake. Mtu mwenye msumeno, drili na mchana mmoja usio na shughuli anaweza kukitengeneza bila kutoboa gari lake hata tundu moja. Vipimo vimetolewa kwa kufuata Toyota Hilux kwa kuwa imeenea sana huku kwetu. Mwenye Isuzu D-Max au Nissan atapima bodi la gari lake na kurekebisha panapohitajika.

Kwa nini nitengeneze kichanja, ilhali fimbo zinaweza kulazwa tu ndani ya bodi?

Kwa sababu fimbo nyingi zinazovunjika mbele ya samaki zilikwisha kujeruhiwa barabarani. Fimbo nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, nazo zina nguvu kubwa sana zinapopindwa taratibu kama zilivyokusudiwa, lakini ni dhaifu zinapogongwa mahali pamoja na kitu kigumu. Sanduku la barafu likiruka kwenye tuta na kuangukia fimbo, au risasi ya kuzamishia ndoana ikagongagonga ubavu wake kwa saa nzima, nyuzi chache hukatika chini ya rangi na nje hakuonekani kitu. Fimbo hiyo itavuta vibua na changu wadogo bila shida yoyote. Siku kolekole mkubwa atakapopiga mbio kuelekea mwambani ndipo itakapokatika palepale palipogongwa, na mvuvi atamlaumu mtengenezaji, au ataamini kwamba samaki alikuwa mzito kupita kiasi.

Barabara nazo huongeza madhara. Barabara ya changarawe yenye mawimbi hutikisa gari maelfu ya mara katika safari moja, na fimbo mbili zilizolala pamoja husuguana kila mtikisiko. Pete za fimbo moja, zile zinazopitisha mshipi, hukwangua rangi ya nyingine na mwishowe hufika kwenye nyuzi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kichanja ni kuzuia mwendo: kila fimbo ishikwe mahali pawili, isizunguke, isiguse jirani yake, na isiguse chuma popote. Kichanja kinachozishika fimbo lakini kikaziacha zichezecheze hakina faida kubwa kuliko kuzilaza sakafuni. Fimbo za faibagilasi huvumilia mateso zaidi kuliko za kaboni, lakini pete zake huharibika vivyo hivyo.

Nitahitaji vitu gani, na ni vipi ninavyoweza kupata bila kununua?

Utahitaji mbao mbili za inchi mbili kwa nne zenye urefu unaolingana na upana wa bodi, mabaki ya bomba la plastiki, bolti za milimita 6 pamoja na nati na washa pana, msasa, rangi kidogo, tyubu ya gari iliyochakaa, na kandambili kuukuu. Mbao za paina au saipras zinatosha kabisa, mradi ziwe zimekauka vizuri na hazina mafundo makubwa. Mvule na mbao nyingine nzito ni za thamani mno kwa kazi hii, na uzito wake hauna faida juu ya gari.

Bomba usikimbilie kununua zima. Bomba la plastiki huuzwa kwa vipande vya mita 6, na mafundi bomba huachwa na vipande vya nusu mita au robo tatu ya mita kila wanapomaliza nyumba. Wengi watakupa kwa shukrani tu. Vipande vinane vya sentimita 30 vinahitaji mita 2.4 peke yake. Ukilazimika kununua zima, shirikianeni wavuvi wawili, kwa kuwa bomba moja linatoa vipande 20. Tyubu chakavu hupatikana kwa fundi wa kuziba pancha, na kandambili zilizopasuka hazikosekani katika nyumba yoyote.

Pesa zako ziende kwenye bolti. Nunua za chuma kisichoshika kutu hata kama bei yake itakushtua, kwa kuwa bolti za kawaida karibu na bahari huota kutu haraka, na kutu hiyo hukwama katika nati hadi hutaweza tena kufungua kichanja bila msumeno. Kama bajeti hairuhusu, chukua zilizopakwa zinki na uzipake grisi kabla ya kuzifunga.

Bomba liwe la ukubwa gani?

Kwa fimbo nyingi za baharini, bomba la maji taka lenye kipenyo cha nje cha milimita 50 ndilo linalofaa. Ndani yake hubaki nafasi ya takriban milimita 46, ambayo hupokea vishikio vizito vya fimbo za kuburuta chambo nyuma ya boti na bado haiachi fimbo icheze sana. Fimbo nyepesi za kurushia zina vishikio vyembamba na zitalegea ndani ya bomba hilo. Kwa hizo tumia bomba la milimita 40, au tandika ndani ya lile kubwa ukanda wa tyubu. Beba fimbo yako nene kuliko zote hadi dukani na uijaribu ndani ya bomba kabla ya kulipa. Muuzaji atashangaa kidogo, lakini kipimo hicho hakidanganyi.

Mbona msitumie bomba la plastiki kwa boriti pia? Si lingekuwa jepesi zaidi?

Lingekuwa jepesi, na picha nyingi za vichanja vya plastiki kitupu hupendeza macho. Tatizo ni jua letu. Plastiki ya PVC huanza kulainika joto linapopanda, na watengenezaji wa mabomba haya kwa kawaida hawayaruhusu kubeba maji yenye joto la kupita nyuzi 60. Bodi la pikapu lililoegeshwa juani Mombasa mchana wa Februari huwa la moto kiasi kwamba huwezi kuliwekea kiganja. Bomba refu la mita moja na nusu lililobebeshwa fimbo sita na rili zake nzito, yaani vifaa vya kukunjia mshipi, litapinda kidogo kidogo, na likishapinda halirudi. Zaidi ya hayo, plastiki hurefuka kwa joto kuliko mbao na chuma, kwa hiyo viungo vyake hulegea. Kipande kifupi cha sentimita 30 hakisumbuliwi na mambo haya, na ndiyo sababu plastiki tunaiachia kazi ya kushika, na mbao tunaiachia kazi ya kubeba.

Pikapu yangu ni ya kabini moja. Fimbo zilale vipi?

Una bahati, kwa kuwa bodi lako lina urefu unaokaribia mita 2.3, na fimbo nyingi za kuvulia kutoka kwenye boti hazizidi mita 2.1. Zinaingia zote ndani ya bodi bila kutokeza. Weka boriti ya kwanza karibu na kabini, ikilala juu ya kingo mbili za bodi, na hiyo ndiyo itakayobeba mabomba ya kupokea vishikio. Boriti ya pili iweke upande wa nyuma, mahali itakapopokea miili ya fimbo. Vishikio vielekee mbele na ncha zielekee nyuma.

Mpangilio huo una sababu. Rili ndizo zenye uzito na ndizo zinazoharibiwa na upepo wenye mchanga, na karibu na kabini zinapata kinga. Ncha nazo zinapoelekea nyuma huufuata upepo badala ya kupambana nao. Hakikisha tu kwamba ncha ndefu kuliko zote inabakiza angalau kiganja kizima kabla ya kufika kwenye mlango wa nyuma, kwa maana mlango huo unapofungwa kwa haraka ndio unaovunja ncha nyingi kuliko bahari yenyewe. Chini ya boriti panabaki nafasi ya ndoo, kamba, nanga na sanduku la barafu lisilo refu sana kwenda juu.

Na mwenye kabini mbili, ambaye bodi lake ni fupi, afanyeje?

Bodi la kabini mbili hukaribia mita 1.5, kwa hiyo fimbo ya mita 2.1 ikilazwa itatokeza nyuma kwa zaidi ya nusu mita, na hilo silipendekezi hata kidogo. Fimbo ziinamishwe. Boriti ya mabomba iwe chini, karibu na mlango wa nyuma, kiasi cha sentimita 15 juu ya sakafu. Boriti ya pili iwe nyuma ya kabini, juu kidogo ya paa, yaani takriban mita 1.1 kutoka sakafu ya bodi. Kati ya boriti hizo mbili fimbo itakuwa na mshazari wa takriban mita 1.7, na zile sentimita 40 zilizobaki zitapita juu ya paa la kabini bila kuligusa. Mabomba yafungwe yakiwa yameinama kwa pembe ya nyuzi kati ya 30 na 40 ili yaelekee sawasawa na boriti ya juu. Usiikadirie pembe hiyo kwa macho: shikilia fimbo yenyewe mahali itakapolala, kisha chora mstari wa bomba kwenye ubao kwa kuifuata.

Pikapu nyingi zina fremu ya mabomba ya chuma nyuma ya kabini, nayo ni mahali pazuri pa kufunga boriti ya juu. Kama yako haina, simamisha nguzo mbili za mbao katika pembe za mbele za bodi na uzikaze kwa mbao za mshazari, kwa sababu nguzo isiyo na mshazari huyumba mbele na nyuma kila unapokanyaga breki. Mwenye kujuana na fundi wa kuchomelea anaweza kuagiza fremu hiyo kwa bomba la mraba la milimita 40. Gharama itapanda, lakini fremu itatumika pia kubebea ngazi na mbao.

Katika mpangilio huu ncha zinatazama mbele na kupokea upepo. Kwa mwendo wa kawaida fimbo nene hazina shida. Fimbo nyepesi zenye ncha laini zitenganishe vipande na uzilaze chini.

Nimeona watu wakisimamisha fimbo wima nyuma ya kabini. Je, si rahisi zaidi?

Ni rahisi, na kwa kutembea polepole kutoka bandani hadi ufukweni hapana ubaya. Kwa barabara kuu au njia za vijijini, nawaomba wasomaji waache kabisa. Fimbo ya mita 2.1 iliyosimama juu ya bodi hufika karibu mita 3 kutoka ardhini. Kuna matawi ya miembe, kuna vizuizi vya malango ya hoteli, kuna vibanda vya kuegeshea magari, na vyote hivyo viko chini ya kimo hicho au vinakikaribia.

Jambo zito kuliko yote ni umeme. Kaboni hupitisha umeme. Katika vijiji vingi vya pwani nyaya za kuingiza umeme majumbani zimelegea na kushuka hadi karibu na kimo cha lori, na fimbo ya kaboni iliyosimama juu ya gari ikigusa waya uliochubuka inaweza kumwua aliyeishika au aliyesimama bodini. Wakati wa masika radi nazo huongeza hatari hiyo, hasa katika uwanda ulio wazi kando ya bahari.

Kati ya bomba na bomba niache nafasi gani?

Pima rili yako pana kuliko zote pamoja na mkono wake wa kuzungushia, kisha ongeza vidole viwili. Kwa rili za kurushia, sentimita 15 kutoka katikati ya bomba moja hadi katikati ya jingine hutosha. Kwa rili kubwa za kuburuta, ziwe 20. Katika bodi la upana wa mita 1.5 utapata fimbo saba au nane nyepesi, au sita nzito, bila msongamano.

Mabomba yakatwe na kufungwa vipi kwenye boriti?

Kata kila kipande kwa msumeno wa chuma, sentimita 30, na uulainishe mdomo wake ndani na nje kwa msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Kisha kata mfereji kutoka mdomoni kushuka chini, upana wa sentimita 3 na kina cha sentimita 10. Mfereji huu hupokea mguu wa rili, yaani sehemu inayoishikiza kwenye fimbo. Bila huo, fimbo zenye vishikio vifupi zitaishia njiani kwa sababu rili itagota kwenye mdomo wa bomba, na uzito wote wa fimbo utabebwa na rili. Toboa kwanza tundu la duara mahali mfereji utakapoishia, ndipo ukate mistari miwili ya kulifikia. Mfereji wenye kona kali huanza kupasuka kutoka katika kona hiyo. Kabla ya kufunga, tazama rili yako inakaa upande gani: zile za kurushia huning'inia chini ya fimbo, na zile za kuburuta hukaa juu yake. Mfereji uufuate upande huo.

Kufunga ndiko kunakowasumbua wengi, kwa kuwa bolti inatakiwa iingie kutoka ndani ya bomba, na mkono haufiki. Toboa bomba kuta zote mbili kwa tundu la milimita 6, halafu panua tundu la ukuta wa mbele peke yake mpaka bisibisi au spana ya kopo iweze kupenya pamoja na kichwa cha bolti. Sasa bolti hupitishwa kwenye tundu kubwa, hukaa na washa yake kwenye ukuta wa nyuma, hupenya ubao na kukazwa kwa nati upande wa pili. Kila bomba lipewe bolti mbili, kwa sababu bomba lenye bolti moja litazunguka. Juu ya kila kichwa cha bolti bandika kipande cha tyubu ili kishikio cha fimbo kisichubuke.

Fimbo zangu huzunguka ndani ya bomba, na rili hugongana. Kuna dawa?

Ipo. Kwanza kabisa, ule mfereji ukiwa wa kipimo hushika mguu wa rili na kuuzuia. Kwa fimbo nzito za kuburuta kuna njia bora zaidi: kitako chake huwa na kofia ya chuma yenye mkato wa msalaba, uliokusudiwa kukaa katika mkanda wa mvuvi au katika kishikio cha boti. Pitisha bolti moja kukingama sehemu ya chini ya bomba, sentimita 3 kutoka mwisho wake, na mkato huo utaikalia bolti. Fimbo haitazunguka tena.

Bolti hiyohiyo huizuia fimbo isitokeze upande wa pili, kwa hiyo huna haja ya kuziba bomba kwa kifuniko. Liache wazi ili maji ya chumvi na mchanga vitoke. Nimeona mabomba yaliyozibwa kwa unadhifu mkubwa, yakiwa yamejaa tope la chumvi ambalo lilikuwa likila kofia za fimbo kila siku.

Upande wa pili fimbo ilale juu ya nini, na mahali gani hasa?

Hapa ndipo kandambili inapopata kazi yake. Kata vipande vyenye upana wa boriti kutoka katika sehemu nene ya kisigino, chonga katikati ya kila kimoja mkato wa umbo la nusu mwezi, na uvigandishe juu ya boriti kwa gundi ya viatu, kila kimoja kikielekeana na bomba lake. Povu la kandambili halinywi maji, halikwaruzi, na hustahimili chumvi na jua kwa muda mrefu kuliko sponji ya magodoro, ambayo hufyonza maji na kuoza.

Juu yake fimbo ifungwe kwa ukanda wa tyubu wenye upana wa vidole viwili, uliotobolewa matundu kwenye ncha zote mbili. Upande mmoja funga kwa skrubu yenye washa pana, na upande wa pili uvute hadi uingie kwenye kichwa cha skrubu nyingine. Tyubu huvutika, kwa hiyo hubana fimbo bila kuiponda. Mpira mweusi ukikaa juani kwa muda mrefu hushika rangi ya fimbo na kuacha doa, kwa hiyo shonea upande wa ndani kitambaa cha pamba, hata kama ni kipande cha kanga kuukuu.

Mahali pa kushika ni takriban theluthi mbili ya urefu wa fimbo kutoka kitakoni, katikati ya pete na pete, wala isiwe juu ya pete yenyewe. Usiishike fimbo kwenye ncha. Ncha ikibanwa, mwili mrefu ulioachwa katikati hupepesuka juu na chini kila gari linapotikisika, na mvutano wote huishia kwenye sehemu nyembamba kuliko zote. Ncha ikiachwa huru hutetemeka, lakini ni nyepesi na iliumbwa kwa kutetemeka.

Ninawezaje kukifunga kichanja bila kutoboa gari?

Pikapu nyingi za kazi zina vishikio vya kamba kwenye ubavu wa nje wa bodi. Weka vipande vya mpira wa tairi chini ya ncha za boriti ili zisiteleze wala kukwangua rangi, kisha zivute chini kwa mikanda ya kukazia mizigo, au kwa kamba ya manila iliyokazwa barabara, hadi kwenye vishikio hivyo. Boriti inayokaa kwenye fremu ya chuma ifungwe kwa bolti za umbo la U, zile ambazo mafundi wa magari hufungia bomba la ekzosi. Baada ya kilomita 10 za kwanza simama na ukaze tena, kwa kuwa kamba mpya hulegea na mbao hukaa mahali pake.

Ukiamua kutoboa licha ya ushauri huu, chungulia kwanza chini ya bodi uone mahali yalipo mabomba ya breki, nyaya na tangi la mafuta, na upake rangi ya kuzuia kutu kwenye kingo za tundu siku hiyohiyo.

Rili na ndoana ziachwe kwenye fimbo wakati wa safari?

Ndoana ziondolewe zote. Mazoea ya kuning'iniza ndoana kwenye pete ya fimbo hupasua ule mduara mgumu wa ndani ya pete, na mduara uliopasuka hukata mshipi. Legeza breki ya rili, fungia mshipi kwa kipande cha raba, na uivalishe rili mfuko wa kitambaa uliofungwa kwa kamba mdomoni. Vumbi jekundu la barabarani likichanganyika na grisi ya rili hugeuka kuwa kitu kinachosaga meno ya gia, na kufungua rili nzima ili kuisafisha ni kazi ya fundi. Kwa safari ndefu, kama ile ya kilomita 120 kutoka Mombasa hadi Malindi, ni afadhali rili zing'olewe na zikae ndani ya kabini.

Je, plastiki ipakwe rangi?

Ndiyo. Jua huifanya iwe kavu na nyepesi kuvunjika. Ikwaruze kwa msasa ili rangi ishike, kisha upake rangi ya maji yenye rangi ya mwanga, nyeupe au ya maziwa, ambayo pia hupunguza joto.

Fimbo ndefu za ufukweni, mianzi, na zile za kuvulia trauti zinaweza kubebwa humu?

Fimbo za ufukweni za mita 3.6 hadi 4.2 hutenganishwa vipande viwili au vitatu. Kipande cha kishikio kikae kwenye bomba kama fimbo nyingine, na vipande vya juu vifungwe pamoja kwa kitambaa katikati yake, kisha vilazwe kwenye mkato wa jirani. Mwanzi mzima wa kuvulia ukingoni hauwezi kutenganishwa. Ufunge kwenye fremu au keria, mbali na fimbo za kaboni, maana vifundo vyake ni vigumu.

Wavuvi wa trauti wa mito ya Aberdare na Mlima Kenya, ambako samaki hao walipandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1905 katika mto Gura, hutumia fimbo nyembamba za takriban mita 2.7. Hizo zisafirishwe ndani ya bweta lake, kwenye kabini. Kichanja hiki kiwafae kwa mwendo mfupi tu kutoka bwawa moja la mto hadi jingine, na kwa kutumia bomba dogo.

Fimbo ikitokeza nje ya gari nifanye nini, na je, watu wanaweza kukaa nyuma pamoja na fimbo?

Jitahidi isitokeze. Ikibidi, funga kitambaa chekundu kinachoonekana vizuri kwenye ncha, usisafiri usiku, na uliza polisi wa usalama barabarani wa eneo lako kiasi kinachoruhusiwa kabla ya kuanza safari. Ncha ya fimbo ni nyembamba kiasi kwamba mwendesha bodaboda anayefuata nyuma hawezi kuiona mpaka imfikie usoni.

Kuhusu watu, jibu ni hapana. Abiria wa bodini akiyumba wakati wa breki, hushika kilicho karibu naye, na hapo ataumia yeye na fimbo pamoja.

Wizi je?

Pitisha waya mnene wa chuma uliovikwa plastiki ndani ya miguu ya rili zote na uufunge kwa kufuli kwenye fremu. Hilo litamchelewesha mtu wakati ukinywa chai kando ya barabara. Usiku fimbo zilale ndani ya nyumba.

Kichanja chenyewe kinahitaji matunzo gani?

Kila unaporudi kutoka baharini kimwagie maji baridi pamoja na fimbo, na usisahau ndani ya mabomba. Mara moja katika kila msimu, hasa kaskazi inapoanza na boti kurejea kwenye mikondo ya sulisuli na jodari, fungua mikanda yote ya tyubu, ivute kwa nguvu na utupe kila mmoja unaoonyesha nyufa. Kaza nati. Tazama kama kuna bomba lililopasuka kwenye kona ya mfereji, ulibadilishe. Kipande kipya hakigharimu kitu.

Siku hiyohiyo zikague na fimbo. Chukua tonge la pamba na ulipitishe ndani ya kila pete likigusa mduara wote. Nyuzi za pamba zikinasa mahali, pana ufa ambao jicho halijauona, na pete hiyo inapaswa kubadilishwa kabla ya mshipi kuingia majini. Kisha rudi kwenye boriti na uangalie mahali pa fimbo hiyo: mara nyingi utakuta kipande cha kandambili kimebanduka, au ukanda umelegea na kuiacha pete igonge ubao.